Pikipiki ya theluji yenye tabo ikikosa nguvu, anzia kwenye betri

Mashine yenye tabo (turbo, yaani feni inayoendeshwa na moshi wa injini na kuisukumia injini hewa zaidi) ikidhoofika, kila mtu anakimbilia tabo. Ilikuwa inapanda mlima bila kusita, sasa inaishia katikati. Ukibonyeza mafuta inanguruma tu, haichomoki. Au taa ya injini inawaka na mashine inajifunga kwenye mwendo wa kobe. Hapo mwenye mashine anaanza kuulizia bei ya tabo nyingine, na tabo si kifaa cha bei ndogo, wakati kinachomsumbua ni betri iliyochoka, waya wa bodi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) uliolegea au regyuleta (kidhibiti cha volti za chaji) iliyoungua.

Injini hizi zinaongozwa na kompyuta, na kompyuta inaishi kwa umeme. Pampu ya petroli ni mota. Volti zikishuka inazunguka polepole na presha ya petroli inapungua. Nozeli zinachelewa kufunguka. Presha ya tabo nayo, kwenye mashine nyingi, inasimamiwa na solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme. Solenoidi isipofanya kazi, tabo inabaki kwenye presha ya chini kabisa, ile inayoamuliwa na springi ya wesgeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya tabo) peke yake. Kompyuta ikisoma namba zisizoeleweka kutoka kwenye sensa, inakata nguvu ili injini isiungue. Kwa aliyekaa juu ya kiti, yote hayo yanafanana: tabo imekufa. Kwa hiyo tunapima umeme kwanza, na hatugusi paipu ya hewa mpaka umeme uwe sawa.

Naandika kwa ajili ya Waswahili walioko Minnesota, Ontario, Quebec, Alaska, Finland, Norway na kwingineko kwenye theluji ya kweli, hasa wanaonunua mashine zilizotumika. Yamaha Sidewinder na Arctic Cat ZR 9000, zilizoingia sokoni kama modeli za 2017, zina injini moja ya silinda tatu, cc 998, mipigo minne. Ski-Doo wana 900 ACE Turbo ya mipigo minne, na tangu 2020 wana 850 E-TEC Turbo ya mipigo miwili. Polaris walifuata na Patriot Boost, modeli ya 2022. Jua yako ni ya kundi gani, kwa sababu hizo za mipigo minne hazina kamba ya kuvuta. Betri ikifa kilomita 40 kutoka barabarani, huna njia ya pili ya kuiwasha.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya umeme ya kawaida yenye volti, omu na ampea 10, spana, brashi ya waya, msasa laini, chupa ya kupulizia maji ya sabuni, na kitabu cha huduma cha modeli yako.

Kabla ya kuanza

Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika mbili za kupima chaji. Najua nje ni -25 na mikono inauma. Lakini kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu kila msimu wa baridi. Fungua mlango wote na uelekeze moshi nje, au toa mashine uwanjani.

Kifuniko cha klachi kisitolewe injini ikiwa inanguruma, kwa sababu belti ikikatika inaruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Ukifungua betri, anza na waya wa hasi. Ukiifunga, hasi iwe ya mwisho. Na kamwe usichomoe betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama chaji inatosha. Huo mtindo wa magari ya zamani unaunguza kompyuta.

Hatua ya 1: Betri ikiwa imepumzika

Acha mashine ikae angalau saa chache bila kuchajiwa wala kuwashwa, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri. Betri ya AGM (ya risasi, iliyozibwa, isiyojazwa maji) iliyojaa inasoma karibu 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi. Ikisoma 12.0 imebaki na kama robo, na kwenye baridi kali hiyo ni betri isiyotegemeka. Chini ya hapo ichaji kwanza, halafu ndiyo uendelee. Vipimo vingine vyote vitakudanganya ukivifanya na betri tupu.

Chaji polepole. Betri hizi kwa kawaida ni za ampea-saa 18 hadi 20 au zaidi kidogo, na chaja ya ampea 2 inatosha. Iwe chaja ya kisasa yenye kipengele cha AGM, si ile kubwa ya lori.

Kuna jambo moja la hatari hapa. Betri iliyojaa haigandi hata kwenye -50, ila iliyoisha kabisa inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ukiona ubavu wake umevimba, au umeikuta imeisha baada ya kulala nje usiku wa baridi, usiichaji na usiishtue (kuiwasha kwa umeme wa betri nyingine). Iingize mahali pa joto, iache iyeyuke, ikague nyufa. Betri iliyoganda ikisukumiwa umeme inaweza kupasuka na kukurushia asidi.

Waliofunga betri ya lithiamu ili kupunguza uzito wajue kwamba haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, na asubuhi ya -30 inaweza kukataa kutoa umeme mpaka ipate joto kidogo. Kwa mashine ya mlimani inayolala kwenye gereji yenye joto, sina ugomvi nayo. Kwa mashine inayolala nje kaskazini mwa Minnesota, ningebaki na AGM.

Hatua ya 2: Betri ikibeba mzigo

Volti za kupumzika hazitoshi kuhukumu. Betri mbovu inaweza kusoma 12.7 vizuri kabisa, halafu ikaanguka mara tu stata inapoiomba ampea. Weka mita kwenye vichwa vya betri, mwenzako abonyeze stata, wewe tazama namba. Ikishuka kidogo na kusimama juu ya 10, sawa. Ikidondoka chini ya 9.5 huku injini ikizunguka kwa kuvutana, na umehakikisha imejaa chaji, betri imekwisha.

Rudia kipimo hiki mashine ikiwa na baridi ya nje, si baada ya kukaa ndani usiku kucha. Uwezo wa betri unaandikwa kwa ampea za kuwashia kwenye baridi ya -18, na kwenye nyuzi hizo betri ya risasi inakuwa imepoteza sehemu kubwa ya nguvu iliyokuwa nayo kiangazi, huku oili ya injini nayo imekuwa nzito. Kwa hiyo ukinunua betri mpya, soma namba ya ampea za baridi kabla ya bei, na isiwe chini ya ile iliyokuja na mashine.

Hatua ya 3: Nyaya

Hapa chukua muda wako. Pikipiki ya theluji inatikisika sana, inaoga theluji inayoyeyuka, na ikibebwa nyuma ya gari inapigwa na chumvi ya barabara. Viungo vya umeme vinateseka kimyakimya. Nati inaonekana imekaza, lakini chini yake kuna ukungu wa kijani au unga mweupe.

Kuangalia kwa macho hakutoshi, pima. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe, si kwenye klampu yake, na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Bonyeza stata. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.3 hivi, umeme unapotelea kwenye waya wa bodi. Rudia upande wa chanya: kutoka kichwa cha chanya mpaka kwenye boliti ya stata. Hapo unaweza kuvumilia mpaka karibu 0.5, kwa kuwa kuna rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) katikati. Ukikuta volti nzima imepotea, sogeza ncha ya mita kiungo kwa kiungo mpaka ile namba iruke ghafla. Kiungo ulichokiruka ndicho kibovu.

Fungua kila kiungo cha bodi, yaani pale betri inapofungwa kwenye chasi na pale chasi inapokutana na injini. Sugua kwa brashi na msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, kisha paka grisi juu yake, si kati ya chuma na chuma. Klampu za betri zenye unga mweupe zioshe kwa maji yenye magadi soda.

Endelea na fyuzi na rilei. Fyuzi isiwe nzima tu. Iangalie miguu yake kama imebadilika rangi kwa joto. Rilei ya pampu ya petroli inayoshika na kuachia inaleta ugonjwa wa kukosa nguvu kwa vipindi ambao watu huuhangaikia msimu mzima. Mara nyingi rilei mbili kwenye boksi lile lile ni za aina moja, hivyo zibadilishane nafasi uone kama ugonjwa unahama.

Hatua ya 4: Chaji

Injini ikiwa na joto na mashine iko nje, pima volti kwenye betri. Ikiwa imetulia bila kupigwa resi unaweza kuona 13 na kitu. Ipandishe kidogo, mizunguko 3,000 hivi lakini chini ya pale klachi inaposhika. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa vyote: joto la mikono, joto la kidole gumba, taa, soketi ya kofia. Ikiwa kwenye resi bado inakaa juu ya 13.5, mfumo ni mzima.

Ikiwa haipandi kabisa na inabaki kwenye 12 inayoendelea kushuka, betri inaliwa tu. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia na inaipika betri, na kompyuta nayo iko hatarini, zima.

Ili kujua kama kosa ni la statori (koili za injini zinazozalisha umeme) au la regyuleta, zima injini na uchomoe plagi ya nyaya tatu zinazotoka kwenye statori. Mara nyingi ni za rangi moja. Itazame kwanza: plastiki iliyogeuka kahawia au pini iliyoyeyuka inatosha kuwa jibu. Kisha pima omu kati ya kila jozi. Zote tatu zinapaswa kusoma karibu sawa, na kwa kawaida ni chini ya omu 1. Kati ya kila waya na bodi kusiwe na njia kabisa. Jozi moja ikitofautiana, au waya ukigusa bodi, koili imeungua. Statori ikiwa nzima, plagi ikiwa safi, na chaji bado haipo, lawama inabaki kwa regyuleta. Regyuleta hufa kwa joto, kwa hiyo hakikisha mpya inakaa pale pale ilipokusudiwa, mahali penye hewa.

Kuna mashine zisizo na kosa lolote ila mwenyewe anazitumia vibaya. Ukisimama mara kwa mara na injini imetulia, joto la mikono liko juu, simu inachajiwa na GPS inawaka, statori hairudishi kinachotoka. Safari fupi fupi za namna hiyo zinaiua betri mpya ndani ya msimu mmoja. Punguza joto la mikono unaposimama.

Hatua ya 5: Betri inayoisha ikiwa imelala

Unaichaji Jumapili, Jumamosi imekufa. Zima swichi, chomoa waya wa hasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10, uiunganishe kati ya waya na kichwa cha hasi. Subiri dakika chache kompyuta zilale. Usiguse stata wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Kikibaki miliampea chache tu, usijali sana. Kikiwa 100, hiyo ni ampea-saa 2.4 kila siku, na betri ya 18 inakuwa tupu kwa wiki moja. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Anza na vitu ambavyo mmiliki wa kwanza aliongeza: GPS, kengele ya wizi, chaja ya simu iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri.

Kuishtua porini

Mashine ya mwenzako au betri ndogo ya kushtulia inatosha. Chanya ya iliyokufa kwanza, kisha chanya ya nzima, kisha hasi ya nzima, na mwisho hasi kwenye chuma cha injini iliyokufa, mbali na betri. Ukitumia gari, gari lizimwe. Betri ya kushtulia ibebe ndani ya koti, karibu na mwili. Kwenye mkoba wa nyuma itapoa mno na kukuangusha saa unayoihitaji.

Hatua ya 6: Umeme uko sawa, nguvu bado hakuna

Futa kosa lililohifadhiwa kwenye kompyuta, endesha, uone lipi linarudi. Volti zikishuka, kompyuta huandika makosa mengi ya sensa ambazo ni nzima, na ukibadilisha sensa kwa kufuata orodha ile ya zamani utamaliza pesa bure.

Kisha tazama mizunguko ya injini na spidi kwa pamoja, ukiwa umebonyeza mafuta yote mahali pa wazi na salama. Injini ikipanda mpaka kiwango chake kilichoandikwa kitabuni lakini mashine haiendi, nguvu ipo, inapotelea kwenye belti au treki. Belti iliyong'aa ubavuni, iliyopungua upana au yenye nyuzi zilizotoka ibadilishe, na mashavu ya klachi yasugue yawe safi. Zima, inua nyuma, zungusha treki kwa mkono: barafu iliyoganda usiku au breki inayobana inakula nguvu nyingi. Lakini ikiwa mizunguko yenyewe haifiki kiwango, injini ndiyo dhaifu. Endelea na hewa.

Usisahau pia kwamba mashine nyingi hujizuia zenyewe mpaka maji ya injini yapate joto. Huo si ugonjwa. Ipe dakika zake.

Hatua ya 7: Njia ya hewa

Theluji ya unga ndiyo adui wa kwanza. Inaziba wavu wa kuingizia hewa, inayeyuka, inaganda, na tabo inavuta hewa kupitia tundu la sindano. Ikiwa nguvu inapotea ukifuata mwenzako kwenye vumbi la theluji na kurudi baada ya kusimama, anzia hapo.

Kutoka tabo mpaka kwenye injini kuna paipu za mpira, klampu na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo). Baridi inaifanya mipira ijikunje na klampu iliyokaza kiangazi inalegea. Dalili ya hewa kuvuja ni mlio wa kufoka unapobonyeza mafuta, na alama ya mafuta meusi kuzunguka kiungo. Kaza klampu zote mashine ikiwa baridi. Pinda kila paipu kwa vidole. Nyufa hujificha upande wa chini. Wenye kompresa na kizibo cha kufunga mdomo wa tabo wanaweza kujaza hewa kwenye injini ya mipigo minne, isizidi psi 10, na kupulizia maji ya sabuni. Panapotoa povu ndipo panapovuja.

Angalia pia kimpira kidogo kinachokwenda kwenye wesgeti na kwenye sensa ya presha. Kikichomoka au kikiziba barafu, kompyuta haijui tabo inafanya nini na inakata nguvu.

Hatua ya 8: Tabo yenyewe

Sasa umeifikia kwa haki. Injini ikiwa imezima na imepoa, sogeza fimbo ya wesgeti. Iwe na ugumu wa springi na irudi yenyewe. Ikikwama wazi, moshi unapita pembeni na tabo haizunguki vya kutosha. Tafuta masizi kwenye viungo vya ekzosti kabla ya tabo: moshi unaotoroka hapo ni nguvu iliyotoroka. Mwisho, toa paipu ya kuingilia na ushike mhimili wa feni kwa vidole. Kuchezacheza kidogo kando ni kawaida. Kwenda mbele na nyuma, feni kukwaruza ukuta, au oili nyingi ndani ya paipu si kawaida. Hapo ndipo tabo mpya inastahili pesa yako.

Petroli imebaki. Nyingi ya mashine hizi zinataka okteni 91 ya Marekani na Kanada, ambayo kwa Ulaya inakaribiana na 95. Ukiweka 87, sensa inayosikia injini ikigonga inaijulisha kompyuta, nayo inachelewesha cheche na kupunguza presha ya tabo. Petroli iliyobaki tangu msimu uliopita nayo inaleta ugonjwa huo huo. Ifyonze yote, weka mpya, endesha tangi moja kabla ya kuhukumu. Mlimani tofauti inaonekana haraka zaidi: injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 3 kwa kila mita 300, hivyo kwenye mita 2,000 karibu sehemu moja ya tano imekwenda, na tabo iliyolala inakuacha hapo hapo.

Mashine ikilala kiangazi

Theluji ikiisha, toa betri, iweke kwenye chaja ya kutunza au uichaji mara moja kwa mwezi. Na kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza msimu unaofuata, fungua boksi la hewa na uangaze tochi ndani, kisha ufuate nyaya zote kwa mkono. Panya wanapenda sana boksi hilo. Wanajenga humo kwa nyasi na sponji ya kiti, na wanaguguna nyaya za sensa. Tabo ikivuta nyasi zile, zinakwenda moja kwa moja kwenye feni.